Majani Matupu

Dar es Salaam, 4 Machi 2024

Bibi yangu Shamsiya, shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Sisi wazima, ila Mama sukari inamsumbua na muwasho wa fangasi umemrudia. Hospitali hataki, nesi wa pale ni jirani yetu, anaona haya. Nimempa chupa iliyobaki ya dawa yako ya mwarobaini. Anainywa pamoja na vidonge vyake vya sukari, na kwa uchungu wake anasema, "Mavyaa ananiadhibu tokea Tanga."

Chuoni nimeipima dawa yako. Nilipowadondoshea fangasi matone yake, wote walikufa. Lakini mwarobaini na karafuu nilizochemsha mwenyewe, kama ulivyonielekeza, ziliwapunguza kidogo tu. Tumekosea wapi?

Mjukuu wako,
Wijdan


Usagara, Tanga, 21 Machi 2024

Mjukuu wangu, marahaba. Ramadhani hii sifungi. Kifua kimenishinda, na daktari hanifichi tena. Mama yako hajambo? Nauliza kwa hofu.

Hukukosea. Majani matupu nguvu yake ndogo, nami niliyefundisha kemia nilijua. Wanawake walikuwa wakinirudia na muwasho uleule. Kwenye duka la dawa waliona haya kutaja ugonjwa wa siri mbele ya wanaume. Nikawa nanunua flukonazoli, vidonge vya fangasi, navisaga, natia kwenye chupa. Wakapona. Wakausifu mwarobaini wangu, nami nikanyamaza. Sifa ilikuwa tamu.

Dawa hiyo ikikutana na baadhi ya vidonge vya sukari, sukari hushuka mpaka mtu akazimia. Mnyang'anye mama yako chupa hiyo. Mpeleke hospitali, useme kilichomo.

Barua yako ilinifika wiki mbili zilizopita. Simu hunipigia Sabra, binti anayeniuguza. Angesikia, na Usagara nzima ingejua. Nililichagua jina langu. Hilo ndilo ninaloliungama, kuliko vidonge.

Bibi yako,
Shamsiya


Dar es Salaam, 29 Machi 2024

Bibi, shikamoo.

Mama tulimzika tarehe kumi na saba. Baba alituzuia kukupigia simu, kwa ajili ya ugonjwa wako. Alianguka akiandaa futari. Hospitali walisema sukari ilishuka mno. Tukadhani ni saumu. Baba akajilaumu kwamba ndiye aliyemruhusu kufunga. Nami ndiye niliyekuwa nikimmiminia dawa kwenye kijiko.

Juzi Shangazi Mastura alikuja kutoka Nguvumali, huko huko Tanga, kunipa pole, akauliza kama bado unachemsha. Nimemwambia kilichomo. Atawaambia wenzake wanaoinywa.

Barua yako nimempa Baba. Aliisoma amesimama, akaikunja, akasema mama yake atamwambia yote haya kwa mdomo wake. Anakuja baada ya Idi.

Usife kabla hajafika.

Mjukuu wako,
Wijdan