Mstari Mmoja na Muhuri

Jumapili, Oktoba 5. Riyadh

Nimeosha ngazi za lile jengo la Al-Suwaidi, orofa zote, nikarudi kwetu Manfuha kumchukua mwanangu Tina. Nilimkuta chumbani na Rukia, mwenzangu wa chumba, uso mzima umejaa unga wa chapati. Nikamfuta, nikavaa baibui safi, tukaenda wote mahakamani kusikia uamuzi.

Wamekataa.

Ombi langu lilikuwa moja tu: Tina apewe kibali cha kutoka nchini ili turudi Kenya pamoja. Ana miaka mitatu. Alizaliwa humu chumbani, bila hospitali, bila cheti, mama hana ndoa wala ikama, kile kibali cha ukaazi. Mimi wanaweza kunifukuza hata kesho. Yeye kwao hajazaliwa.

Rukia aliomba hivyo hivyo kwa ajili ya binti yake Salma. Chumba kimoja, mkunga mmoja, karani yule yule. Wiki iliyopita alikubaliwa. Alisoma madrasa huko Mombasa, herufi anazijua. Akaipitia karatasi yangu, akairudia.

"Mama Tina, 'sababu' ni neno lile lile, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Lingekuwako ningeliona. Haliko."

Mstari mmoja na muhuri. Namchukia hakimu ambaye hata uso wake sijauona. Na Rukia nilimchukia kidogo, alipokuwa akisonga ugali huku anaimba.

Jumanne, Oktoba 7

Kumbe si mimi peke yangu. Leo nje ya mahakama tulijaa, Wakenya, Waganda, Wasudani, kila mama na mstari wake. Kuna mama wa mapacha. Mmoja amekubaliwa, mwenzake amekataliwa. Mapacha! Nani amemweleza? Hakuna.

Tukaanza kupiga kelele. Mkalimani wa nini? "Sababu! Sababu!" Walinzi walituelewa vizuri sana.

Mtu akarusha jiwe. Kioo cha mlango kikamwagika chini. Wakatoka na virungu. Msichana mmoja wa Kitale alipigwa mdomoni, meno yakatoka na damu. Mlinzi akanikamata shingo, nikamng'ata shavu. Nikasikia nyama ikiachia. Niliona raha. Naandika hivyo hivyo, niliona raha. Kisha kirungu kikashuka kwenye mkono wangu wa kushoto na kitu humo ndani kikalia.

Tumefungiwa. Tina nilimwacha kwa Rukia. Heri.

Alhamisi, Oktoba 9. Jeddah

Wametuleta kwa basi. Kila tuta la barabara nililijua kwa mkono huu. Ukumbi mmoja, vitanda vya chuma, wanawake wanaongoja kurudishwa kwao. Nilijaribu kueleza kwamba nina mtoto Riyadh. Askari wa kike akapunga mkono nipite. "Mafi mtoto. Yalla." Kwenye faili langu hakuna mtoto.

Kwa hiyo watanipandisha ndege peke yangu, na nikishafika Nairobi sitaweza kuingia tena huku. Ndiyo hesabu yao. Kalamu naificha kwenye nywele.

Jumapili, Oktoba 12

Waliita majina ya ndege ya leo. Langu lilikuwamo.

Nikashika chuma cha kitanda. Wakanivuta miguu. Mateke niliyatoa bila kuchagua, moja likampata askari tumboni akakaa chini. Mwingine akanizaba makofi mpaka sikio likaanza kupiga mluzi. Nikapayuka neno pekee la sheria nililokuwa nalo.

"Hakim! Nataka hakim!"

Askari mmoja mzee, bibi kabisa, akawazuia wenzake. "Hakim?" Nikamwambia ndiyo, hakim, sasa hivi. Akanishika, akanipeleka. Njiani nikajifuta damu, nikafunga kitambaa vizuri, nikayapanga maneno: mheshimiwa, nina mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Kitanda, sindano, mwanamke aliyevaa koti jeupe.

Kwa yule bibi, hakim ni daktari! Hakimu wetu wao humwita kadhi. Miaka yote hii Uarabuni na bado mimi ni mjinga kiasi hicho. Nilicheka mpaka nikatapika kwenye sakafu yao.

Daktari alipoushika mkono nikazimia. Umevunjika mahali pawili. Akaufunga plasta, akaandika: asisafirishwe mpaka mfupa uunge. Akanisomea, akanieleza kwa nini, polepole, kwa Kiingereza. Ni mtu wa kwanza nchi hii kunipa sababu ya jambo lolote.

Ndege imeondoka bila mimi.

Jumamosi, Oktoba 25

Nimepata simu ya kuazima. Rukia ameomba upya kwa ajili ya Tina. Kila wiki anampeleka mahakamani, anakaa na wasichana wote wawili mpaka wafukuzwe. Nikamuuliza yeye na Salma wanaondoka lini. "Tutaondoka tu," akasema, akampa Tina simu. Tina alinililia, kisha akaimba wimbo mzima wa chapati. Sikuuliza tena.

Jumanne, Novemba 11

Wamempeleka yule msichana wa Kitale kwenye ndege. Ana mtoto wa miezi minane, amebaki na jirani. Walimfunga mikono. Tulivunja taa, tukachana magodoro, tukamrushia mkuu wa zamu ndoo ya mkojo. Wakamwaga maji baridi ukumbi mzima, kisha mikanda. Mgongo wangu hauegemei kitu. Msichana ameenda hivyo hivyo.

Jumatatu, Novemba 17

Daktari anasema mfupa umeunga. Alhamisi anatoa plasta. Baada ya hapo, ndege.

Kibali cha Tina bado.

Jumanne, Novemba 18

Nimeuvunja tena.

Wenzangu walikuwa kwenye chai. Mara ya kwanza niliogopa, nikagonga kitanda kijinga tu. Mara ya pili nikamfikiria Tina akiniita na mimi niko Nairobi.

Daktari alinitazama sana. Anajua. Aliandika kwamba nimeanguka bafuni. Nilimpenda na nilimwonea aibu.

Alhamisi, Desemba 4

Kibali kimetoka. Mstari mmoja na muhuri, kama ule wa kwanza. Sikuuliza.

Mama mmoja wa ubalozi amemleta Tina kutoka Riyadh. Amesukwa vizuri, amenenepa. Alinificha uso kwanza, kisha akaja. Ameugusa mkono ndani ya plasta; daktari anasema utaunga umepinda, hautanyooka tena. Akaupuliza.

Mama wa ubalozi ndiye aliyenieleza. Kibali cha Salma kilikuwa cha mwezi mmoja. Rukia alikiacha kipite, kwa sababu angeondoka, Tina angebaki na nani? Ameomba kingine. Wamekataa.

Nimempigia kwa simu ya mama huyu. Nilitaka kumwomba msamaha, akaniwahi. Akauliza kama Tina amekula. Nikamwambia amekula, wali. Akasema vizuri, nisisahau kumpaka mafuta kichwani. Nyuma yake nilimsikia Salma akiuliza Tina anarudi saa ngapi.

Ndege ni kesho mchana; nimemwomba daktari aniruhusu nisafiri na plasta, akasaini. Tina amelala upande wa mkono wangu mzima.