Kitambaa cha Mama Getruda

Zulfa, weka korosho pembeni usome. Joachim wetu, fundi wa kompyuta wa ushirika, leo kaumbuka mbele ya bodi nzima.

Si unakumbuka alivyoshindanisha zile seva mbili wiki tatu? Moja prosesa yake bei mbaya, nyingine ya bei nafuu. Akaandika ripoti: ya bei nafuu ina kasi, ya ghali ikifika mchana inasinzia. Bodi ikapiga makofi. Ya ghali ikarudishwa Dar.

Leo anawasomea tena ile ripoti waipitishe rasmi, Mama Getruda anayefanya usafi kaingia na chai. Kauliza kwa upole, “Mwanangu, ile mashine nzuri iko wapi? Nimekwenda kuifunika sijaiona.”

Kuifunika!

“Si kila asubuhi naifunika kitambaa, jioni nakitoa nakikung'uta. Kitu cha bei vile ukiache uchi na vumbi hili la Ruhuwiko?”

Kitambaa cha kufuma, Zulfa. Kama cha kwenye tivii! Joachim alikuwa anapimia mezani kwake, hajui kwamba huko chumba cha seva prosesa inachemka chini ya kitambaa, na ikichemka inajipunguza kasi yenyewe.

Mwenyekiti kamuuliza, “Kwa hiyo ipi ina kasi?”

Kakaa chini kama kabeba gunia toka Mshangano. “Sijui, mzee.”

Hata kumgombeza mama wa watu hakuweza. Kasema asante kwa chai, kaenda zake chumba cha seva kupumzika.

Ile iliyobaki kaikuta imeshafunikwa.