Samli Kwenye Taipureta

Jumanne, Aprili 1954. Mvua tangu alfajiri. Ziwa halionekani.

Achieng, wewe mtoto wa watu, nani alikuambia mashine inakula samli? Umeolewa katika nyumba ya karani, umezaa humo, na bado hujui kutofautisha kitu cha chuma na kitu cha sufuria. Sisimizi walioivamia mashine wamekushinda akili. Wao angalau walijua wamefuata chakula.

Nilikusema Jumamosi mbele yako, na leo nakusema tena hapa kwenye karatasi, ingawa hutaisoma. Naandika Kiswahili kwa sababu mashine hii haikuzoea Kijaluo. Marehemu mzee wangu aliitumia kuwaandikia watu barua za serikali, kwenye baraza la duka la Mhindi, mpaka alipougua. Mimi shule yangu ni darasa la ubatizo tu. Lakini herufi nazijua, na hakuna mtu wa kunicheka nikizitafuta kwa kidole kimoja.

Hakuna mtu kabisa. Hilo ndilo.

Mwanangu Ouma yuko melini, leo Bukoba, kesho Entebbe. Achieng ni mke wake, anauza samaki ufukweni Dunga. Jumamosi alikuja kunitazama na chupa ya samli kutoka kwao, safi, imechujwa vizuri. Nikatoka kuchota maji. Niliporudi nikamkuta ameifunua taipureta, anaipaka ile samli kwa kidole, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Akasema inalia sana siku hizi, na kwamba Baba aliipenda, si vizuri ikae kavu.

Nikamuuliza kama ananipikia mashine ama vipi. Nikamwambia na mengine, ya mama yake na malezi yake, ambayo siyaandiki kwa sababu utepe wa wino si wa bure. Alifuta kidole kwenye leso yake, akasema, "Basi, Mama. Kaa na mashine yako." Akaondoka bila kunywa chai.

Nimekaa nayo.

Jumapili asubuhi kulikuwa na baridi, na samli ikaganda humo ndani. Mimi sikujua. Nikaweka karatasi, nikaanza. Naangalia vidole, siangalii karatasi. Kengele ikalia mwisho wa mstari, nikasukuma ule mkono wa chuma, lile gari linalobeba karatasi likarudi mwanzo, nikaendelea. Kengele tena, mkono tena. Niliandika mambo mengi, ya mvua, ya goti, ya kanisa, ya mzee. Nilipoinua macho nikaona mstari mmoja tu, mweusi kama sufuria. Maneno yangu yote yalikuwa yamekaa pale pale, moja juu ya jingine.

Mzee alinieleza jambo hili zamani, na mimi nilidhani anajaza maneno tu. Alisema ule mkono una kazi mbili, na watu wanadhani ni moja. Kazi ya kwanza ni kulirudisha gari mwanzo. Kazi ya pili ni kuisogeza karatasi, ili uandike mstari wa chini. Unaweza kupata moja bila nyingine. Yeye mwenyewe alifanya hivyo makusudi. Akifika kwenye jina la mwenye barua, hakuugusa mkono. Alilirudisha gari kwa kiganja, karatasi ikabaki ilipo, akalipiga jina mara ya pili juu ya lile la kwanza. Jina likakolea. Watu walimpendea hilo. Walitoka Milimani wanakofanya kazi, walitoka hata Luanda Kotieno, waandikiwe na mzee ambaye jina lako kwake linakuwa jeusi.

Jumapili hiyo kazi ya pili ilikuwa imekufa, imebaki ya kwanza. Nikawa ninarudi mwanzo tu.

Jana nikaifunga taipureta kwa shuka, nikajitwika mpaka kwa Kalasinga anayetengeneza cherehani. Aliinama, akanusa. Akanusa tena. Akanitazama na ndevu zake zile, akauliza, "Mama, nani nakaanga hii?"

Nilikaza uso. Nikamwambia afanye kazi yake. Akachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa, akasafisha meno ya kile kigurudumu kinachosogeza karatasi, akanirudishia, akaomba nikija tena nilete na chapati.

Njiani kicheko kikanishika. Mimi, mtu mzima, na chuma kichwani, nacheka peke yangu kwenye matope, watu wananipisha. Nikawa naharakisha mguu nifike nyumbani nikasimulie.

Nikafungua mlango. Nikaweka mzigo mezani. Kikombe cha Achieng bado kilikuwa pale, chai imeota ngozi.

Nimekaa na hicho kicheko tangu jana. Kinaumiza kama chakula ambacho hakijashuka.

Mashine imepona. Mistari inashuka, ona mwenyewe. Kengele inalia, nami naitikia, "Eeh." Hapa ndani hakuna mwingine wa kuitikia. Na nimeona kitu kimoja: hailii vile tena. Ile sauti ya chuma kukwaruza chuma imekwisha. Mtoto wa watu alisikia kweli. Amekuja hapa mara ngapi, amekaa kimya pale kwenye kigoda, akisikiliza mashine ya mwanamume aliyekwisha zikwa, kwa sababu mimi sina mazungumzo mengine.

Haya. Inatosha.

Na wewe mwanamke unayepiga herufi hizi, kesho mvua inyeshe isinyeshe, vaa leso yako nzuri uende Dunga. Usingoje Ouma atume mtu. Usimwombe msamaha, huujui, utauharibu. Mkute pale anapoanikia samaki, keti, umwambie alichosema Kalasinga. Akicheka, kunywa chai yake. Asipocheka, mwambie tena, maneno yale yale juu ya yale yale, mpaka yakolee.