Jeneza la Mninga

Kinyangiri, Mkalama
Aprili

Mdogo wangu Obadia,

Salamu zangu zikufikie huko porini Itigi. U mzima? Nyuki hawakusumbui sana? Simu yako haipatikani tangu uende kwenye mizinga, ndiyo maana nampa barua hii Paschal, anayewapelekea unga kwa pikipiki. Nakuomba ukae chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Ulimwacha baba amevimba miguu, hafiki hata chooni bila kushikwa. Ulipoondoka tu alimwita fundi Calist, akampa zile mbao za mninga alizoweka kwa ajili ya milango, akaagiza jeneza lake. Alisema hataki kuzikwa kwa mbao za kuokoteza. Likawekwa sebuleni, nyuma ya makochi. Mama alilichukia. Alilifunika shuka, lakini kuku mwekundu akapenya akatagia humo, na mama akayatupa mayai yote. Alimwambia baba kwamba mgeni aliyeandaliwa kitanda hakosi kuja. Baba akacheka, akasema kitanda ni chake, yeye mama asiogope.

Obadia, mama yetu hayupo. Alikuwa uani anapepeta mtama, anaimba nyimbo za kwaya, mara akakaa chini kama mtu aliyechoka. Nilimkuta bado ameshika ungo. Gari la kumpeleka hospitali lilipofika, alikuwa amekwisha kata roho. Mama, ambaye hata kichwa kilikuwa hakimuumi! Paschal alikufuata, akarudishwa na mto uliojaa, na maji yamepungua wiki hii tu. Mjomba Ezekieli alisema mwili hauwezi kusubiri, tukazika bila wewe. Baba aliamuru alazwe katika jeneza lake. Lilikuwa refu mno kwa mama. Ikabidi tujaze blanketi miguuni.

Tangu mazishi baba akaanza kupona. Dawa ni zile zile, ila uvimbe ulipungua, akawa anamaliza ugali na kutembea mpaka zizini. Kijijini wakasema amemtoa mama badala yake. Jirani yetu Catherine hapiti tena uani kwetu, na kanisani hakuna anayekaa benchi moja na baba.

Mimi niliwakemea waliosema hivyo. Lakini nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila nilipomwona baba anatafuna, moyo wangu ulimchukia. Nilimwekea chakula huku nimegeuza uso, na yeye aliona. Siku moja alinishika mkono akaniuliza, "Selina, na wewe unaamini?"

Nilitaka kusema hapana. Mdomo ukakataa. Nilisimama pale na sahani mpaka akaniachia mwenyewe.

"Basi, mwanangu," akasema.

Tangu hapo hagusi dawa. Miguu imejaa tena, sasa na tumbo. Mjomba amemsihi, nesi amekuja, mimi nimepiga magoti. Anafunga mdomo kama mtoto. Lile neno alilolitaka nimeshamwambia mara nyingi, asubuhi na jioni. Ananisikiliza kwa upole, halafu ananiambia nikapumzike.

Sijui tena la kufanya. Njoo, mdogo wangu, uache hata asali. Pengine kwako atakubali.

Mjomba anakusalimu sana, na anakupa pole ya msiba. Baba nilimuuliza nikufikishie neno gani. Amesema Paschal akikubeba, mwende polepole, barabara ni mbaya.

Ni mimi dada yako,
Selina