Silikone ya dushi mu chumba

Papa Graciella,

Niko na batoto bote kwa dada yangu Régine, ku Kasapa. Bukari iko mu nyungu. Kula kwanza, kisha usome hii mupaka mwisho.

Leo asubui basoda baliingia kwa jirani Donat. Televizyo habakuiangalia hata. Balimuomba papye ya lupango, ile ya kuonyesha kiwanja na nyumba ni yake, bakaenda nayo. Na yetu je? Kuibeba, nimeogopa, njiani bako nafungula kila sakoshi. Nilibandula ubao ya chini ya ukuta, pale ku dirisha, nikaificha nyuma. Kuisha nikarudisha ubao, nikaziba mwanya na tube ya kwanza yenye nilikamata.

Ilikuwa silikone ya dushi. Rangi imekataa kushika, mustari uko nang'aa tangu ku mulango. Kila siku unasema silikone ni ya penye maji, akriliki ni ya chumba sababu inakubali rangi, na miye nakucheka. Leo sicheki.

Kwangula silikone yote na kisu, akriliki haishike juu yake. Tia akriliki kidogo tu, lainisha na kidole yenye maji. Ikauke muzuri mbele ya kupakala rangi. Hapana kuharakisha.

Basoda bakigonga mulango mbele akriliki ikauke, ~~usifungule~~ fungula. Bapatie papye na mikono yako. Lupango tutatafuta ingine.

Graciella nimemuambia baba yake atafika leo. Usinifanye muongo.

Mama Graciella