Henza Mpya kwa Chombo cha Twalibu

Kambi ya Mkonge,
Kibaha.
6 Novemba, 1949.

Mpendwa mdogo wangu Twalibu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hujambo? Mboni mkeo hajambo, na mtoto je? Kile kikohozi cha baridi ya ziwa kimekuachia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo na viganja vinanisema kila asubuhi. Mkonge hauna huruma na mtu wa umri wangu. Leo Jumapili hatukati, ndiyo maana nimepata kushika kalamu. Mwandiko univumilie, unajua mimi shule niliiacha njiani.

Mama nilimwona Kisiju wakati wa Idi. Anakula vizuri, na bado anagombana na kuku wa jirani kama zamani. Kila mara anauliza huko Mwanza mnapata nazi wapi. Nikimwambia hakuna, anasikitika kama umefungwa jela.

Sasa nije kwenye barua yako, iliyonikosesha raha. Kumbe upepo uliwakuta katikati ya ziwa, ukataka kushusha tanga, henza, kamba ya kupandishia tanga, ikakwama kwenye gofia, lile gurudumu la kamba kule juu ya mlingoti. Tanga halikushuka, chombo kikalala ubavu, maji yakamfika Mboni mapajani naye amempakata mtoto. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Mungu aliwatazama. Simlaumu Mboni kusema kiuzwe, wala simlaumu kuapa kwamba hapandi tena.

Lakini umeniuliza neno langu, nami nalisema wazi. Sipendi ukiuze kwa yule mwenye duka anayetaka kukivunja apate mbao. Ni kikuukuu, najua, lakini umesema hakivuji. Tena tulikubaliana kwamba nitakuja tubebe mizigo pamoja, Mwanza na Ukerewe. Nikiwa shambani nakata majani, hicho chombo ndicho ninachokiwaza. Kikivunjwa, mimi sina pengine pa kwenda isipokuwa mstari mwingine wa mkonge.

Uliniomba nikutumie kamba nzuri ya mkonge wa huku. Niliisuka kweli. Nilimwomba mnyapara nyuzi zilizobaki kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, nikasuka kila jioni mbele ya kibanda. Ikatoka nyeupe, nene, inapendeza. Hapa ninakaa na Maganga, Msukuma wa huko huko kwenu, mtani wangu, mtu asiyejua kunyamaza.

"Wee Mzaramo, mbona unafuga nyoka?"

"Hiyo kamba ya tanga."

"Tanga la wapi? Hapa bahari yenyewe ni umande!"

Siku moja narudi kutoka kazini, kamba haipo. Nikamkuta Maganga kisimani, ameipitisha kwenye gofia ya kisima, anateka maji. Akasema, "Kamba ya mtani ni yangu. Ukiitaka, ikomboe kwa jogoo." Ningefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Nikamwahidi jogoo wake, nikashika kamba niitoe. Haikutoka. Ilikuwa imelowa, imevimba, ngumu kama fimbo, imebana ndani ya gofia, na ndoo inaning'inia katikati ya kisima haipandi wala haishuki. Tulivuta watu watatu. Maganga anapiga kelele, "Ameiloga! Mzaramo ameloga maji yetu!" Watu wanacheka, mimi nimesimama namfikiria Mboni na yale maji mapajani.

Ndipo nikakumbuka umeandika kwamba henza yako pia ni ya mkonge, ya dukani. Ugonjwa ndio huo, Twalibu. Chombo hakina kosa. Na mimi nilikuwa karibu kukutumia ugonjwa ule ule.

Jumapili iliyofuata nikatembea mpaka Kisarawe kwa Bi Siwema, msuka kamba. Nilimpelekea kile kijiti ulichonitumia pamoja na barua, ulichokichonga kwa kipimo cha tundu la gofia. Akaniuliza, "Ya kitanda au ya chombo?"

"Ya chombo, bibi."

"Za kitanda ninazo hapa. Lakini mtu akianguka kitandani hafi. Ya chombo utaingoja, mwanangu."

Nikangoja. Ameisuka kwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi zisizovimba sana majini, kama henza ya marehemu baba. Nilimwambia aijaze sawa na kijiti, akanitazama kama mtoto. "Ikijaa tundu ikiwa kavu, ikilowa itapita wapi?" Basi usishangae ukiiona nyembamba. Amefanya makusudi.

Ukiipata, usiifunge siku hiyo hiyo. Iloweke ziwani, kisha itundike na jiwe zito mpaka ikome kurefuka, maana usumba hunyooka, na usipofanya hivyo foromali, ule mti unaobeba tanga, itakushukia kidogo kidogo ukiwa safarini. Gofia ishushe, toa uchafu, ekseli yake uipake mafuta. Henza uifunge kwenye foromali karibu na katikati, usogeze kidogo upande wa mbele. Ile ncha nyingine usifunge fundo gumu chini ya mlingoti, funga fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja hata mikono ikiwa na baridi. Kila baada ya muda geuza kamba, ncha ya juu ije chini, isilike mahali pamoja.

Anayekuletea ni Maganga mwenyewe. Amemaliza mkataba, atapanda gari moshi Ruvu. Jogoo wake amemla. Anasema akifika atakwambia kamba hii ameisuka yeye, na kwamba sisi Wazaramo nyumbani tunashinda tukila makumbi. Mpe samaki, ndiyo dawa ya mdomo wake.

Sasa neno la mwisho kuhusu kuuza. Usiamue wewe, wala mimi nisiamue kwa kuwa mkonge umenichosha. Chombo kikiwa kimefungwa ufukoni, pandisha tanga, ilowanishe henza yote kwa ndoo, kisha mwite Mboni. Afungue fundo yeye, alegeze kwa mkono wake yeye, akiwa amesimama nchi kavu. Tanga likigoma, uza hata kesho, na mimi sitanung'unika. Likishuka, mwache alipandishe na kulishusha mpaka achoke. Usimsihi. Kisha unijulishe alichosema, maneno yake mwenyewe.

Mama Biubwa anakusalimu, na dada Mwanahalima, na mjomba Mwinyijuma. Nibusie mtoto. Mungu awakinge na upepo wa ghafla na awape riziki ya halali.

Mimi kaka yako anayekupenda, anayengoja neno la Mboni,

Kondo Mwishehe