Tuta Halina Likizo

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo na macho yako? Sisi wazima, mjukuu wako anakusalimu kwa kelele.

Nimepata tuta, mama! Lile jalala nyuma ya majengo yetu wamelisafisha likawa bustani, na kila mwenye mtoto mdogo anapewa tuta moja akifikiwa na foleni. Unakumbuka nesi alivyosema damu ya mtoto ni kidogo, ale mboga za majani? Dukani kwetu ni biskuti na soda tu. Mboga ikifika imezeeka kuliko muuzaji. Sasa nimepanda mchicha na karoti, na mchicha umeshachungulia.

Sharti ni moja: usipomwagilia siku tatu, tuta linapewa mwingine. Mwenyekiti wetu tunamwita Mama Filimbi, maana ukikosea tu, anapuliza.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, nibusie mjukuu. Mie mzima, ila jicho la kushoto sasa ni ukungu mtupu. Daktari amenipangia upasuaji mwezi ujao, anataka mtu wa kukaa nami wiki mbili. Nikamwambia ninaye, nimemzaa mwenyewe. Unakuja lini?

Mama yako

27 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole sana na jicho. Barua yako nalala nayo chini ya mto.

Nilimwomba Mama Filimbi ruhusa. "Tuta halina likizo," akasema. Nikamwendea jirani yangu, fundi cherehani, animwagilie. "Ningependa, dada," akasema, "lakini wakiniona kwenye tuta lako watanipokonya na langu. Huwaoni wanavyotuchungulia?" Kweli, wanaosubiri wanajipanga kwenye uzio kila jioni, watoto migongoni.

Mama, mtoto amepata rangi. Jana alipanda ngazi mwenyewe, ghorofa nne! Nikiliacha tuta, tunarudi kwenye biskuti. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, nami nimefungwa penye majani mabichi, hata kulalamika naona haya. Daktari hawezi kusogeza kidogo, nivune kwanza?

Mwanao akupendaye

20 Juni

Mwanangu,

Daktari hakusogeza. Nilikwenda peke yangu. Usishtuke, jirani ananipikia, ingawa chumvi anaimwaga kama anazika maiti.

Leo wamenifungua kitambaa. Nilijiahidi kitu cha kwanza kukiona kiwe uso wako. Nimeona mgongo wa nesi. Basi. Mwagilia, mama, mtoto asirudi alikotoka.

Dawa ya matone natia mwenyewe, mengi yanaishia shavuni.

Mama yako

26 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea bustanini, mpira wa maji mkononi, nikajisahau. Filimbi ikalia. "Wewe! Unazamisha mboga!" Kweli, mchicha ulikuwa unaogelea.

Nikafunga maji. Nikamwambia naenda kumtia mama yangu matone.

"Ukirudi hutalikuta."

"Najua. Foleni ya tuta nitapanga tena."

Akaivua filimbi shingoni, mama. Halafu akashika mfuko, tukavuna wote wawili, hata karoti changa za mbegu ya pili, nyembamba kama vidole vya mtoto. Pale kwenye uzio mwanamke mmoja alikuwa ameshakunja mikono ya gauni lake. Nikamwonyesha ni wapi udongo hukauka upesi.

Tunafika Jumamosi. Matone usiyamalize.

Mwanao